Historia ya Kebo za Picha za Kompyuta, 1981 hadi Leo

Kebo inayounganisha kompyuta na skrini ina kazi moja tu machoni pa mtumiaji, nayo ni kupeleka picha. Lakini tangu kompyuta binafsi zilipoanza kuenea, kazi hiyo imefanywa na plagi za maumbo mengi, ambazo kila moja ilizaliwa katika mapatano ya kampuni fulani, kwa ajili ya skrini za aina fulani, na kwa gharama ambazo wakati huo zilionekana kuvumilika. Anayezitazama leo zikiwa zimening'inia dukani huzitofautisha kwa umbo, na umbo humsaidia kwa kiasi. Hata hivyo, historia ya plagi hizo inaonyesha kwamba umbo la plagi na ishara inayopita ndani yake ni mambo mawili, ambayo mara nyingine yamekwenda pamoja na mara nyingine yameachana, na hasara nyingi za wanunuzi zimetokea pale yalipoachana.

Kompyuta ndogo za majumbani zilianza kwa kuazima televisheni. Apple II, iliyoingia sokoni mwaka 1977, ilikuwa na tundu moja la mviringo la aina ya RCA, ambalo lilitoa ishara mchanganyiko, yaani ishara ambayo mwangaza, rangi na alama za kupanga mistari ya picha vyote husafiri katika waya mmoja, kama ilivyokuwa desturi katika teknolojia ya televisheni. Kwa michezo njia hiyo ilitosha. Kwa kazi ya ofisi, ambako herufi 80 zilitakiwa zikae katika mstari mmoja na zisomeke kutwa nzima, ukungu uliozizunguka herufi ulichosha macho, kwa kuwa televisheni haikuundwa kufuata mabadiliko ya haraka kiasi hicho kati ya nukta nyeusi na nukta nyeupe.

IBM ilipozindua kompyuta yake binafsi tarehe 12 Agosti 1981, iliiuza pamoja na chaguo la kadi mbili za picha, yaani vibao vya elektroniki vinavyochomekwa ndani ya kompyuta ili vitengeneze ishara ya skrini. Ya kwanza, iliyojulikana kwa herufi MDA, ilionyesha maandishi peke yake, mistari 25 yenye herufi 80 kila mmoja, katika eneo la nukta 720 kwa 350, na kwa kuwa ililenga makarani na wahasibu, ilibeba pia tundu la printa. Ya pili, CGA, ilikuwa ya rangi: iliweza kuonyesha rangi 16 katika maandishi, na michoro ya nukta 320 kwa 200 yenye rangi nne kwa wakati mmoja. Kadi zote mbili zilitumia tundu lile lile la pini tisa, lililofanana na herufi D iliyolazwa, na skrini zote mbili zilikuja na plagi iliyoingia humo bila kikwazo.

Ndani ya nyaya, hata hivyo, palikuwa na mambo mawili tofauti kabisa. Ishara za kadi hizo zilikuwa za kidijitali kwa maana ya msingi, kwamba kila waya ulikuwa ama umewashwa ama umezimwa. CGA ilitumia nyaya nne, za nyekundu, kijani, buluu na ukali wa mwanga, na kwa kuziwasha na kuzizima kwa mpangilio mbalimbali ilipata rangi zake 16. MDA haikuzigusa pini tatu za rangi. Picha yake ilipita katika pini ya saba, ambayo CGA haikuitumia. Kasi nayo ilitofautiana. Skrini za enzi hizo zilikuwa mabomba ya kioo ambamo mwale wa elektroni ulichora picha mstari kwa mstari, na MDA iliutaka mwale uchore mistari takriban 18,400 kwa sekunde, wakati CGA ilikaa karibu na mistari 15,700, kasi iliyorithiwa kutoka televisheni ya Marekani. Aliyeichomeka skrini ya MDA katika kadi ya CGA hakuzuiwa na plagi wala kuonywa na skurubu zake, lakini saketi za skrini hiyo ziliongozwa na kasi iliyotoka kwenye kadi, na kasi isiyo yake iliweza kuziunguza. Hili ndilo tukio la kwanza katika historia hii ambapo umbo moja lilificha ishara mbili, na inafaa likumbukwe, kwa sababu lilijirudia miaka zaidi ya thelathini baadaye katika sura nyingine.

Mwaka 1984 IBM ilitoa EGA, iliyofikia nukta 640 kwa 350 na kuonyesha rangi 16 zilizochaguliwa kati ya 64. Ili kupata rangi hizo 64, kila rangi ya msingi ilihitaji nyaya mbili badala ya mmoja, yaani nyaya sita. Zikiongezwa nyaya mbili za kupanga mistari na kurasa za picha, pamoja na mmoja wa kurudishia mkondo wa umeme, pini tisa zote zikawa zimekwisha. Kwa njia hiyo kila ongezeko la rangi lingedai plagi pana zaidi na kebo nene zaidi, na hapo ndipo mbinu ya kuwasha na kuzima ilipofikia ukomo wake.

Jibu lilitolewa Aprili 1987, IBM ilipotangaza kompyuta za familia ya PS/2 zikiwa na mfumo wa VGA. Ndani yake mlikuwa na uwezo wa kuunda rangi 262,144, idadi ambayo kwa mbinu ya zamani ingehitaji nyaya 18 za rangi peke yake. Wahandisi waliziacha nyaya hizo na kurudi kwenye analojia, yaani ishara ambayo nguvu yake hupanda na kushuka hatua kwa hatua bila kukatika: waya mmoja wa nyekundu, mmoja wa kijani na mmoja wa buluu, kila mmoja ukibeba volti kati ya sifuri na 0.7, na kiasi cha volti ndicho kilichoiambia skrini ukali wa rangi. Wasomaji wa Afrika Mashariki wanaokumbuka kuhama kwa televisheni kutoka analojia kwenda dijitali, kulikoanza Dar es Salaam usiku wa tarehe 31 Desemba 2012, huenda wakadhani kwamba kila teknolojia hupita njia hiyo hiyo moja. Kebo za kompyuta zilianza dijitali, zikaenda analojia, kisha zikarudi dijitali, na kila hatua ilikuwa na sababu nzuri kwa wakati wake.

VGA ilirekebisha pia kosa la mwaka 1981. Plagi yake ina ukubwa wa nje sawa na ile ya pini tisa, lakini pini zake ni 15 katika safu tatu, kwa hiyo skrini ya zamani haikuweza tena kuchomekwa mahali pasipo pake. Baadhi ya pini zilitumika kama kitambulisho, kwa kuijulisha kadi kama skrini iliyounganishwa ni ya rangi au ya nyeupe na nyeusi. Kampuni nyingine zilinakili mfumo huo haraka, na umoja wa watengenezaji ulioitwa Video Electronics Standards Association, unaofahamika kwa kifupi kama VESA, ambao uliundwa mwishoni mwa miaka ya 1980 kwa msukumo wa kampuni ya NEC, ukaupanua kwanza hadi nukta 800 kwa 600. Mwaka 1994 umoja huo uliweka utaratibu ambao hadi leo ndio uti wa mgongo wa mawasiliano kati ya kompyuta na skrini: skrini hutunza ndani yake maelezo mafupi, ya baiti 128 katika umbo lake la kwanza, yanayotaja mtengenezaji wake na vipimo vya picha inavyovimudu, na kompyuta huyasoma kupitia pini zilizokuwa na kazi nyingine hapo awali. Kebo ya bei ya chini ambayo pini hizo zimekatwa hupitisha picha, lakini kompyuta haiitambui skrini na huipa vipimo vya kubahatisha. Fundi anayekutana na picha iliyovutwa upande au yenye herufi nene kupita kiasi hufanya vyema kuanza uchunguzi wake hapo.

Rangi ya buluu ambayo wengi huitambulia plagi ya VGA ilitokana na mwongozo wa Microsoft na Intel uliojulikana kama PC 99, ambao ulipangia kila tundu rangi yake na kulipa tundu la skrini ya kidijitali rangi nyeupe. Katika shule, ofisi na kumbi za mikutano za Afrika Mashariki plagi hiyo ya buluu ilidumu kwa muda mrefu, kwa kuwa kompyuta nyingi zilifika zikiwa zimekwisha kutumika ng'ambo, na projekta, ambayo hubadilishwa mara chache kuliko kompyuta, iliendelea kuidai hata baada ya kompyuta mpakato mpya kuacha kuwa nayo.

Kilichoiondoa VGA katika nafasi yake ya juu kilikuwa skrini bapa. Skrini ya fuwele kimiminika huwa na nukta zilizohesabiwa, kila moja ikiwa na anwani yake, na kompyuta nayo huitunza picha kama tarakimu. Kuweka analojia katikati ya vitu hivyo viwili kulimaanisha kwamba kadi iligeuza tarakimu kuwa volti, kebo ikazidhoofisha volti hizo njiani, kisha skrini ikazigeuza tena kuwa tarakimu huku ikikisia nukta moja inaishia wapi na ya pili inaanzia wapi. Kitufe cha kujirekebisha ambacho skrini bapa nyingi za mwanzo zilikuwa nacho kiliwekwa kwa ajili ya makisio hayo, na pale yalipokosewa, maandishi yalicheza au kupata kivuli.

Majaribio ya kwanza ya kurudisha udijitali hayakufika mbali. VESA ilitoa kiwango chake mwaka 1997, kundi lililoongozwa na Compaq likatoa kingine baada ya muda mfupi, na Apple ikatengeneza plagi yake yenyewe mwaka 2000. Kilichoshinda ni DVI, iliyotangazwa Aprili 1999 na kundi la Digital Display Working Group, ambamo zilikuwamo Intel, Silicon Image, Compaq, Fujitsu, HP, IBM na NEC. Ushindi wake ulitokana na hekima ya kutolazimisha watu kuhama kwa siku moja. Tundu kamili la DVI lina pini 24 za kidijitali katika safu tatu, na pembeni lina upanga mwembamba uliozungukwa na pini nne za analojia, ili mwenye skrini ya VGA aendelee kuitumia kwa kipande kidogo cha kuunganishia kisicho na elektroniki ndani yake. Aina hiyo huitwa DVI-I. Yenye upanga peke yake bila pini nne ni DVI-D, isiyobeba analojia hata kidogo. Na DVI-A, ambayo ni adimu, hubeba analojia tu. Mgawanyiko mwingine uko katika pini za kati: kebo yenye pini 18 ni ya njia moja, ambayo ukomo wake ni nukta milioni 165 kwa sekunde, kiasi kinachotosha skrini ya 1920 kwa 1200 inayochorwa mara 60 kwa sekunde, na yenye pini 24 ni ya njia mbili, iliyofika nukta 2560 kwa 1600. Apple ilipotoa skrini ya inchi 30 mwaka 2004, walioinunua walilazimika kuwa na kadi ya njia mbili. Kwa hiyo katika DVI mtu anayehesabu pini huku akiitazama plagi hupata jibu la karibu kila swali lake, na kwa sifa hiyo hakuna kebo iliyoifuata iliyokuwa wazi kama yenyewe.

HDMI ilitoka katika ulimwengu wa televisheni. Toleo lake la kwanza lilitangazwa Desemba 2002 na Hitachi, Matsushita, Philips, Silicon Image, Sony, Thomson na Toshiba, likichukua mbinu ile ile ya ishara iliyotumika katika DVI, likaongeza sauti, na kuingiza yote katika plagi ndogo yenye pini 19. Kwa sababu ya undugu huo kebo yenye DVI upande mmoja na HDMI upande wa pili hufanya kazi bila kifaa cha kugeuza. Mtengenezaji hulipa ada ya mwaka na mrabaha kwa kila kifaa, na plagi haikubadilika umbo huku uwezo wake ukikua mara nyingi: gigabiti 10.2 kwa sekunde mwaka 2006, 18 mwaka 2013, na 48 mwaka 2017. Hapo ndipo umbo lilipoanza tena kunyamaza. Kebo ya zamani huingia katika tundu jipya barabara, na skrini ya nukta 3840 kwa 2160 huwaka, ila huchorwa mara 30 kwa sekunde badala ya 60, na mshale wa kipanya huonekana kuburuzika. Mwenye nayo huilaumu kompyuta ilhali kosa ni la kebo au la tundu. Kanuni za leseni ya HDMI zinakataza kebo kuuzwa kwa namba ya toleo, na badala yake zinataka majina ya madaraja, ambapo Premium High Speed huthibitishwa kwa gigabiti 18 na Ultra High Speed kwa 48. Kebo iliyoandikwa namba ya toleo kwa herufi kubwa inapaswa kumtia mnunuzi mashaka kwa sababu hiyo peke yake.

DisplayPort, iliyotolewa na VESA Mei 2006, ilibuniwa kwa ajili ya kompyuta tangu mwanzo. Badala ya kufuata mwendo wa mwale wa bomba la kioo, ambao DVI na HDMI ziliendelea kuuiga katika mpangilio wa ishara zake, hii huigawa picha katika vifurushi vya data vinavyofanana na vile vya mtandao, na kwa kuwa vifurushi vinaweza kutengwa kwa anwani, toleo la mwaka 2010 liliruhusu skrini kadhaa kuunganishwa kwa mfululizo kutoka tundu moja. Plagi yake ina pini 20 na kona moja iliyokatwa, na nyingi zina kulabu zinazohitaji kubonyezwa kabla ya kuchomoa. Ipo kasoro moja inayostahili kutajwa kwa uwazi: pini ya 20 ya tundu hutoa umeme kwa ajili ya adapta, na kiwango kinataka kebo ya kawaida isiiunganishe pini hiyo kutoka upande mmoja hadi mwingine, lakini watengenezaji kadhaa wa kebo za bei ya chini waliiunganisha, na matokeo yake umeme wa skrini uliingia katika kompyuta iliyozimwa, na baadhi ya kompyuta zikakataa kuwaka hadi kebo ichomolewe.

Desemba 2010 kampuni za Intel, AMD, Dell, Lenovo, Samsung na LG zilitangaza kwamba VGA ingeachwa katika bidhaa zao kufikia mwaka 2015, na hapo soko la adapta likapanuka pamoja na mkanganyiko wake. Kanuni ya kulielewa soko hilo ni moja: ishara za jamii moja hazihitaji kugeuzwa, na za jamii mbili huhitaji kifaa chenye elektroniki. Matundu mengi ya DisplayPort kwenye kompyuta yanaweza kutoa ishara ya HDMI yakiunganishwa na adapta rahisi, na alama ya herufi D na P zilizoambatana na jumlisha mbili huyatambulisha. Kinyume chake hakiwezekani, kwa kuwa tundu la HDMI halijui kutengeneza vifurushi, na kutoka HDMI kwenda skrini ya DisplayPort hutakiwa kigeuzi chenye umeme wake. Kutoka HDMI kwenda VGA pia kunahitaji kigeuzi, na kebo isiyo na kitu ndani, yenye HDMI upande mmoja na plagi ya buluu upande wa pili, ambayo bado huonekana sokoni, haionyeshi picha katika kompyuta ya kawaida.

Agosti 2014 kiwango cha USB ya Aina C kilikamilishwa, na mwezi uliofuata VESA ikatangaza utaratibu wa kupitisha DisplayPort ndani yake. Plagi hii ya pini 24, isiyo na juu wala chini, hubeba umeme wa kuchaji, data na picha kwa wakati mmoja, na kwa ofisi yenye meza ndogo manufaa yake ni makubwa. Lakini pamoja nayo hali ya mwaka 1981 ilirejea. Kebo nyingi zinazouzwa pamoja na simu zina nyaya za umeme na nyaya za data ya kasi ndogo tu, bila jozi nne za kasi kubwa ambazo picha huzihitaji. Kwa nje hazitofautiani na kebo kamili. Matundu nayo hutofautiana, kwa kuwa utaratibu wa picha ni hiari ya mtengenezaji, na kompyuta mpakato moja inaweza kuwa na matundu mawili ya Aina C yaliyo sawa machoni, moja likitoa picha na jingine lisitoe. Uharibifu wa vifaa umeepukwa, kwa sababu kompyuta na skrini huulizana kwanza kabla ya kutuma picha, na hayo ni maendeleo ya kweli. Ila mnunuzi hubaki mbele ya skrini nyeusi bila kuelezwa chochote, na viwango vilivyoachia hali hiyo vilimtwisha mzigo ambao watengenezaji walikuwa na uwezo wa kuubeba kwa kuwekea kila kebo alama ya lazima.

Hadi mzigo huo utakapoondolewa, msomaji anayenunua kebo na aanze kwa maelezo ya kompyuta na ya skrini, atafute tundu ambalo pande zote mbili zinalo, na achague kebo yenye plagi hiyo katika ncha zote mbili kabla ya kufikiria adapta yoyote. Kwa skrini ya nukta 1920 kwa 1080 inayochorwa mara 60 kwa sekunde, ambayo ndiyo ya kawaida katika ofisi nyingi, DVI, HDMI na DisplayPort hutoa picha ile ile, kwa sababu tarakimu zikifika salama haziwezi kufika salama zaidi, na plagi iliyopakwa dhahabu haiziongezei chochote. Kwa skrini ya 3840 kwa 2160 atafute cheti cha daraja, na kwa Aina C asome kama kebo imetajwa kwa jina kuwa inapitisha picha. Urefu nao usizidi mahitaji, kwani kebo ya shaba ya mita mbili huvumilia kasi ambazo ya mita kumi hushindwa. Fedha itakayobaki ni afadhali iongezwe kwenye bei ya skrini yenyewe.